Kijiji Mezani kwa Mama Khalil

Tarehe kumi na tisa Novemba, miaka sita iliyopita, nilifuta kijiji kizima kwa kitambaa chenye maji moto na sabuni ya vyombo. Nyumba arobaini na moja, barabara, msikiti, uwanja wa kupuria ngano na chemchemi. Ilinichukua kama nusu dakika. Kisha nikakausha meza kwa taulo ya karatasi, nikatia kila kitu kwenye ndoo ya takataka chini ya sinki, nikafunga mlango wa kabati.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ya kuwahudumia wazee majumbani mwao hapa Stockholm. Wengi wenu nawajua. Tumekaa pamoja kanisani na kwenye harusi, na wawili watatu niliwabeba mgongoni. Mkiniuliza habari za kazi huwa nawajibu kwa mzaha, kwa sababu mzaha hauumi. Sasa nimestaafu, bega langu la kulia limekataa, na nina wakati wa kujibu vizuri. Mimi si mtu wa kalamu. Niliishia darasa la saba kule Wundanyi, na mambo mengine yote nilifundishwa na wazee wa watu. Nitakayowaambia ni yale niliyofanya, pamoja na yale ambayo ningependa nisingeyafanya.

Nianze na soksi za kubana, kwa sababu najua ndizo zinawatesa. Zivalishwe asubuhi kabla mguu haujashuka kitandani. Mzee akishaketi na miguu ikining'inia, mguu unavimba, na hapo mtapigana na soksi mpaka nyote wawili mtoke jasho. Vaa glavu za mpira, zinashika. Na ongea wakati unavuta. Mimi nilikuwa naimba, mpaka mama mmoja akaniambia kwa heshima sana kwamba soksi zinaumiza kidogo kuliko wimbo.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Irja, mwanamke Mfini, mfupi, mwenye nguvu za punda. Nilipoanza kazi alinitembeza wiki mbili katika majumba ya Rågsved, ngazi juu ngazi chini. Enzi hizo tulibeba funguo za wateja kwenye pete kubwa kama ya askari jela. Siku hizi simu ndiyo inayofungua mlango, nayo simu hiyohiyo inahesabu dakika zenu. Wakati wa Irja tulihesabiwa pia, ila yeye alikuwa hajali.

"Eunice," aliniambia, "ukiingia, keti kwanza. Dakika moja. Usiguse kitu. Tazama huyu mtu ameiweka nyumba yake vipi."

"Dakika moja naitoa wapi? Tumepewa ishirini na tano."

"Iibe."

Nilicheka. Sikuiiba. Nilikuwa mwepesi wa mikono na nilijivunia hilo. Kwa Mzee Gösta, mteja wangu wa kwanza kabisa, niliambiwa nipike uji wa asubuhi, nami sikuketi wala sikuuliza anaupenda vipi. Nikasonga. Ulipokuwa tayari ulisimama kwenye sahani kama mlima. Mzee akautazama kwa muda, akafungua droo, akatoa kisu na uma. Akaukata, akala, akamaliza. Alipopangusa mdomo alisema, "Ni mzuri. Kesho tujaribu unaomwagika."

Huyo alinisamehe kwa sababu kosa lilikuwa la uji tu.

Mama Khalil nilipewa baadaye sana, nikiwa na miaka kumi na tano kazini na nikijiona najua yote. Alikuwa Mpalestina, mjane, umri unakaribia themanini, akikaa peke yake katika chumba na jiko, ghorofa ya pili, si mbali na kituo cha treni cha Rågsved. Mwanawe mmoja tu, Khalil, alikaa Sundbyberg na mkewe na binti yao Dima. Kwenye karatasi ya kazi aliandikwa jina lake kamili, lakini siku ya kwanza nilipomwita kwa jina hilo alinyanyua kidole. Alinieleza, kwa Kiswidi chake cha vipande na mimi kwa changu cha vipande, kwamba kwao mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Hata kwetu," nikamwambia. "Wewe ni Mama Khalil."

Akafurahi. Akauliza langu. Nikasema Eunice.

"Yunis?" Akanitazama juu mpaka chini. "Hilo jina la mwanamume. Yule aliyemezwa na samaki."

"Mimi sijamezwa."

"Mwili huu? Samaki angeshindwa."

Tukaelewana. Tukagundua pia kwamba tuna maneno ya pamoja: kahawa, sukari, sabuni, saa, dakika. Nikikwama kwenye Kiswidi nilikuwa natupa neno la Kiswahili, na mara moja katika mara tano lilikuwa lake pia. Hiyo ilitufanya tuonekane marafiki kabla hatujawa marafiki.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa wiki ya pili. Niliingia saa mbili asubuhi, giza la Novemba bado limeshika madirisha. Yeye alikuwa bafuni. Juu ya meza ya jikoni kulikuwa na dengu zimetawanyika, zile kubwa za rangi ya mchanga, na kamande, na punje za mchele, donge la sukari, karafuu moja, kisahani kimegeuzwa chini juu, na kifuniko cha chupa ya dawa. Nikadhani alimwaga kabati. Nikasema maskini, macho yake. Nikachukua kitambaa.

Alipotoka bafuni akishikilia kigari chake cha kutembelea, meza ilikuwa inang'aa. Nilikuwa nasubiri asante. Alisimama mlangoni mwa jiko, akaitazama ile meza, kisha akanitazama mikono. Hakupiga kelele. Aligeuka, akarudi kitandani na kulala na viatu vyake, akiangalia ukuta. Nilimwita, hakuitika. Soksi alikataa. Chai alikataa.

Siku tatu hakusema nami neno. Na mimi, badala ya kukaa chini na kujiuliza, nilifanya kosa la pili. Niliandika ripoti kwenye simu ya kazi kwamba mteja anachezea chakula, anakipanga mezani, na akisafishiwa anakasirika. Niliandika hivyo nikiamini namsaidia. Muuguzi akaja na maswali yake ya kupima kumbukumbu: leo ni siku gani, chora saa, rudi nyuma kutoka mia moja kwa saba saba. Mama Khalil alijibu yote sawasawa. Aliaibika sana.

Wanangu, mnachoandika kwenye simu kinasomwa na watu ambao hawajawahi kuingia katika nyumba ile. Mkikosea hapo, hakuna kitambaa kinachofuta.

Khalil alinipigia simu jioni ya siku hiyo. Nilijiandaa kutukanwa. Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka.

"Dada, mama yangu hachezei chakula."

"Nimeona mwenyewe, zilikuwa mezani."

"Ni kijiji chake. Anakipanga kila asubuhi, halafu anakirudisha kwenye kopo. Alifundishwa na mama yake. Walifukuzwa akiwa na miaka tisa, mwaka wa arobaini na nane. Hakuna tena hata ukuta pale, kimebaki hicho cha mezani."

Nikamuuliza kama yeye angeweza kuja kumsaidia kukipanga upya, nami ningenunua hizo dengu.

"Mimi? Nilikuwa naulizwa nyumba hizo kila Ijumaa tangu niko na miaka minne. Nikikosea moja, tunaanza upya, na chakula kinapoa. Wenzangu wako nje wanacheza mpira. Nilimwambia siku moja kwamba mimi sijui mtu hata mmoja wa hao. Hajaniuliza tena. Nimechoka nacho, dada. Unisamehe."

Kesho yake nilinunua mfuko wa maharagwe mekundu kwenye duka la Waafrika, kwa sababu ndiyo ninayoyapenda mimi, nikaenda nao. Nilipofika nilifanya alichoniambia Irja. Niliketi. Sikuvua hata koti. Mama Khalil alikuwa mezani na kikombe chake. Nikauweka mfuko mbele yake, nikamwambia, "Nilitupa kijiji chako. Sikujua. Lakini ningeuliza ningejua."

Aliufungua mfuko, akatoa haragwe moja, akaligeuza kwenye mwanga.

"Yunis," akasema, "nyumba zetu hazikuwa nyekundu."

Hapo akacheka, halafu akalia, na mimi nikalia, zile dakika ishirini na tano zikaisha na soksi hazijavaliwa. Kabla sijaondoka alinielekeza kwenye kabati, nikatoa dengu. Chupa moja ya dawa ilikuwa imeisha siku hiyo. Akachukua kifuniko chake cheupe na kukiweka katikati ya meza.

"Anza na maji," akasema. "Usianze na nyumba hata siku moja. Mtu akijua maji yako wapi, hapotei."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Kifuniko ni chemchemi, na kijiji kiliitwa Ain Simsim kwa sababu ya chemchemi hiyo na ufuta uliopandwa chini yake. Kutoka majini, barabara ya mchele inapanda kwenda msikitini, na msikiti ni donge la sukari. Kisahani kilichogeuzwa ni uwanja wa kupuria. Kamande ni mizeituni. Karafuu ni mtini mmoja mkubwa ambao kila mtu aliutumia kuelekeza njia. Dengu ni nyumba, na kila moja ina mwenyewe. Ukimaliza, unarudisha kwenye kopo la biskuti kwa kufuata njia ileile kinyume: nyumba za mbali kwanza, halafu za karibu, halafu barabara. Maji yanatoka mwisho. Dengu hizo hazipikwi kamwe.

Nilimuuliza kwa nini mama yake alianza jambo hilo. Nilitegemea jibu la machozi. Jibu lake lilikuwa la mtu wa shamba.

"Kambini Lebanon alikuwa anapanga kwa mawe, mbele ya hema," alisema. "Wanawake wote walikuja kusahihisha. Ilikuwa ili tukirudi tusigombane mipaka. Walijua tukikaa mbali mwezi mzima, kisha miwili, watu wataanza kusema huu mzeituni wangu."

Nikamwambia kwetu Wundanyi kaka zangu wawili hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba la baba. Nilisema nikitegemea anionee huruma.

"Wana bahati," akasema. "Wana cha kugombania."

Kila asubuhi ilikuwa nyumba moja, na siku nzuri mbili. Nilizijifunza nikiwa nimepiga magoti, mguu wake mapajani mwangu, glavu mkononi, yeye akisema kutoka juu. Nyumba ya mwalimu ambaye alikuwa na saa peke yake kijijini, na haikuwahi kusema kweli. Nyumba ya mjane ambaye mbuzi wake alikula shela ya bibi harusi, na mjane akakataa kulipa akisema mbuzi alialikwa. Nyumba yao wenyewe, ya tatu kutoka majini. Niliwahi kumuuliza kama ana ufunguo wake, maana nilisikia Wapalestina wanazo, wametundika ukutani funguo za nyumba walizoziacha.

"Wengine wanazo," alisema. "Mama aliuacha mlangoni, ili jirani aingie kulisha kuku. Jirani naye alikuwa ameshakimbia, ameacha wake mlangoni kwa ajili ya mama."

Na nyumba ya Baba Salim. Hii nataka muishike. Baba Salim alikuwa kiziwi na aliishi peke yake, nyuma ya mtini, mbali na barabara. Asubuhi ile watu walipokimbia, kila nyumba ilidhani nyumba nyingine imemwambia. Yeye alikuwa kwenye mizeituni yake. Aliporudi mchana hakukuta mtu. Akaenda kuketi kwenye chemchemi, akijua kwamba kufikia jioni lazima mtu aje kuchota maji. Aliwakuta wenzake baada ya siku kumi na moja, upande wa pili wa mpaka, miguu imepasuka. Alikuwa na hasira kali.

"Unajua alisema nini?" Mama Khalil aliniuliza. "Alisema, nilidhani mmekwenda harusini wote, na hamkunialika."

Alikuwa anacheka akisema hivyo. Nilimfuta uso kwa kitambaa cha kuogea, naye akaniacha nimfute.

Alishika kijiko wakati wa somo. Nikiweka nyumba pasipo pake aligonga meza mara moja, tok, bila kusema, nami nikaisogeza mpaka kijiko kinyamaze. Mwaka wa pili nilikuwa nazijua arobaini na moja zote. Alinifanya nikipange mara tatu mfululizo siku ya Jumapili, akanipa tende, akasema, "Sasa wako watu wawili."

Nilijua alikuwa amesubiri mwingine. Alisema mara moja tu, akiangalia dirishani kuelekea kituoni: "Wewe ni mwema, Yunis. Lakini hutakuwa na mtu wa kumrithisha. Hata ukimpa mwanao, atamwambia nani?" Alisema kweli. Mimi nilikuwa kama mtu aliyeshikishwa mzigo stesheni akiambiwa mwenyewe anakuja.

Dima alikuwa akija siku za Alhamisi, baada ya masomo ya chuo, tangu bibi yake alipoanguka bafuni. Msichana mpole, mrefu, vipokea sauti masikioni. Bibi yake akimsemesha Kiarabu, yeye anajibu kwa Kiswidi, kama watoto wetu wanavyotujibu sisi. Siku moja alitukuta tunapanga.

"Bibi, si uchore tu kwenye karatasi?" aliuliza. "Nitaipiga picha. Haitapotea."

"Karatasi zetu zote tuliziacha mezani tulipokimbia," Mama Khalil akamjibu. "Kilichotoka ni hiki." Akajigonga kichwani kwa kijiko.

Dima akatabasamu, akarudisha vipokea sauti masikioni. Lakini niliona kwamba hakuwasha kitu. Alikaa kwenye kiti cha pembeni akitazama mkono wa bibi yake, mpaka nikaondoka.

Mwaka wa mwisho ule ugonjwa ambao niliwahi kumsingizia ulikuja kweli. Sitausimulia wote. Alianza kuficha vidonge kwenye maua. Akaniita kwa jina la dada yake. Alikuwa bado anaketi mezani kila asubuhi na kuniambia nipange, kwa kuwa mikono yake ilitetemeka, na kijiko alikuwa nacho. Mwanzoni kiligonga pasipo sababu, nikasogeza nyumba, kikagonga tena, nikairudisha. Halafu kikaanza kugonga mara chache. Halafu kikanyamaza.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu. Asubuhi moja mwezi wa kwanza, niliweka nyumba ya Baba Salim kando ya barabara, makusudi. Nilitaka kusikia kijiko. Niliiweka polepole ili aione vizuri, nikasubiri.

Mama Khalil alitazama meza. Akanywa kahawa yake.

"Vizuri, Yunis," akasema.

Nilipaswa kuirudisha palepale. Simu ilikuwa inanililia kwamba nimechelewa kwa mteja mwingine. Nikakusanya, nikaenda. Na siku zilizofuata nilikuwa napanga haraka, macho yangu yako kwake wala hayako mezani, naye hakusahihisha kitu.

Alifariki mwezi wa tatu mwaka jana, hospitalini, Khalil na Dima wakiwa naye. Mimi nilipata habari asubuhi kupitia simu ya kazi: ziara imefutwa. Ndivyo inavyoandikwa. Nilikuwa tayari ngazini, ghorofa ya kwanza. Nilikaa kwenye ngazi ile kwa muda ambao sitawaambia, kisha nikaenda kumvalisha soksi mtu mwingine.

Kanuni zinasema tusijichanganye na familia za wateja. Zifuateni, kwa kiasi kikubwa zina akili. Mimi siku ya tatu ya matanga nilipanda treni kwenda Sundbyberg.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume sebuleni, wanawake jikoni na chumbani, na kahawa isiyo na sukari ikizunguka kwenye vikombe vidogo, maana kwao kahawa ya msiba hunywewa chungu. Nilimpa mke wa Khalil mkono, nikaketi karibu na mlango nikijiona mkubwa kupita kiti. Khalil aliponiona aliinuka, akaja mpaka nilipo. Ndevu zilikuwa zimemwota nyeupe.

"Dada. Unakikumbuka bado?"

Nikasema ndiyo.

Dima alikuwa ameshalichukua lile kopo la biskuti kutoka Rågsved. Akaliweka kwenye meza ya kulia, akaondoa vikombe. Watu wakanyamaza kidogo kidogo. Nikaona aibu kubwa: mimi mwanamke wa Taita, katikati ya watu wenye msiba wao, nataka kuwaonyesha kwao. Lakini nilikuwa nimeshikishwa mzigo, na wenyewe walikuwa wamefika.

Nikaanza na maji. Barabara, msikiti, uwanja wa kupuria, mtini. Kisha nyumba, moja moja, na kila moja nilitaja mwenyewe kwa sauti, kwa jina kama alivyolitaja yeye. Nilipotaja mbuzi aliyekula shela, mzee mmoja sebuleni akacheka, kisha akafunika uso. Mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe. Thelathini. Thelathini na tano. Nikaweka ya Baba Salim, nikataja jina lake, nikanyanyua dengu nyingine.

Tok.

Khalil alikuwa ameshika kijiko kidogo. Nadhani hakujua kwamba amegonga. Alikuwa ameinama juu ya meza, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayeulizwa siku ya Ijumaa.

"Hapana," alisema. "Baba Salim hakai hapo. Anakaa nyuma ya mtini, mbali na barabara. Ndiyo maana hakuwaona wakipita."

Nikatazama. Alikuwa sahihi. Ile nyumba niliyoihamisha makusudi mwezi wa kwanza ilikuwa imebaki mkononi mwangu mahali pale pabaya, kwa kuwa hakuna aliyegonga, na hata nilipotaja jina la mtu yule sikuiona. Kama Khalil asingekuwepo, ningewaachia hivyo. Nikamwambia ukweli, mbele ya watu, kwa Kiswidi changu kibovu: kwamba niliiweka vibaya makusudi, kumpima mama yake, na sikuirudisha.

Khalil akaichukua ile dengu kwa vidole viwili, akaiweka nyuma ya karafuu, akaisukuma kidogo, tena kidogo.

"Baba, ulisema umesahau," Dima akamwambia, kwa Kiswidi.

"Nilisema nimechoka."

Nyumba tano zilizobaki alizipanga yeye. Hakukosea hata moja. Alipomaliza alikwenda barazani, akafunga mlango wa kioo, tukamwona mgongo wake tu.

Baada ya hapo vikombe vilirudi, watu wakaanza kusema tena kwa sauti ya chini. Shangazi mmoja wa upande wa mke, mwanamke mwema aliyekuwa akihudumia tangu asubuhi, alikuja na sinia la sambusa na kitambaa kibichi begani. Akatafuta nafasi mezani. Akachukua kitambaa.

Nilifungua mdomo, lakini Dima alishaweka mkono wake wote juu ya meza.

"Subiri, shangazi," akasema. Alisema kwa Kiarabu. Neno hilo nalijua, bibi yake aliniambia mara elfu.

Akavuta kopo karibu, akaanza kuokota kwa kuanzia nyumba ya mbali zaidi. Hakuna aliyemwambia aanzie huko. Kila alipookota alimtazama baba yake, ambaye alikuwa amerudi kutoka barazani na kusimama nyuma yake.

"Hii?"

Khalil akataja jina. Dima akalirudia, akatia dengu koponi.

"Na hii?"

Waliendelea hivyo, naye shangazi akabaki amesimama na sinia lake. Nyumba arobaini na moja, mizeituni, barabara, msikiti. Kikabaki kile kifuniko cheupe cha chupa ya dawa, peke yake katikati ya meza. Dima alikitazama. Hakukiokota. Alifunga kopo, akaliweka kando yake, na shangazi akapata nafasi ya sambusa upande mwingine.

Nilikula moja, nikaaga, nikavaa koti. Nilipokuwa natoka kwenda kituoni kifuniko kilikuwa bado pale.